Counter-Strike 2: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kusevu bunduki, kutupa mabomu na pesa za raundi

Wakuu, haya ndo maswali ambayo kila anayeanza CS2 anauliza, na hata waliocheza toka enzi za CS:GO, toleo la kabla yake, bado wanayauliza katikati ya mechi wakati zimebaki sekunde tano za kununua. Kwa mgeni: ni timu mbili za watu watano, T wanatega bomu sehemu ya A au B, CT wanawazuia au wanalitegua. Naongelea vitu vya ndani ya mechi tu: bunduki, kevla (fulana ya kuzuia risasi), mabomu ya kutupa kwa mkono, kit (kifaa cha kutegua bomu haraka), na mkwanja wa kuvinunulia. Kwa ninavyoona mimi mechi nyingi hatupotezi kwa sababu ya shabaha, tunapoteza kwa sababu watu wanachanganya makundi mawili ya vitu. Bunduki ambayo ingeweza kuishi raundi nne mtu anaichezea kama ya kutupa, alafu flashi (bomu la kupofusha) ya dola 200 ambayo kazi yake ni kutupwa anakufa nayo mfukoni. Karibu kila jibu hapa chini linatoka hapo.

Raundi ikiisha nabaki na nini?

Ukimaliza ukiwa hai unaondoka na kila kitu kilichopo mwilini mwako: bunduki, bastola, kevla, helmeti, kit, na mabomu yote ambayo hujayatupa. Ukifa unaanza upya na kisu na bastola ya bure. Vilivyolala chini vinafutwa raundi mpya ikianza, kwa hiyo bunduki kali iliyo sakafuni sio ya mtu, ni ya yule atakayekuwa ameishika na bado anapumua. Na huwezi kubeba mbili, nafasi ya bunduki kubwa ni moja tu, kwahiyo ukiona AWP (bunduki ya masafa marefu) chini na wewe una MP9 (bunduki ndogo) badilisha fasta.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba afya inarudi 100 kila raundi ila kevla hairudi. Ukimaliza na kevla 38 unaingia raundi mpya na hiyo hiyo 38, kuirudisha unalipa 650. Kama imechakaa kidogo tu, tuseme imebaki 85 au 90, acha hivyo hivyo, hiyo 650 ni bomu moja la moshi na flashi moja na chenji inabaki.

Pesa inaingiaje hasa?

Unaanza kila nusu na dola 800 na kikomo ni 16,000. Mkishinda kwa kuwamaliza wote, au CT wakishinda kwa muda kuisha, kila mtu anapata 3250. Mkishinda kwa bomu kulipuka au kwa kulitegua ni 3500.

Mkifungwa mnapewa bonasi ya kufungwa ambayo inapanda ngazi: 1400, 1900, 2400, 2900, na mwisho 3400. Raundi ya kwanza kabisa ya nusu mkifungwa hampati 1400, mnapata 1900, mana hesabu inaanzia ngazi ya pili. Alafu toka 2019 mkishinda raundi moja ngazi haifutwi yote kama zamani, inashuka hatua moja tu, hivyo timu iliyokuwa inachapwa mfululizo ikiiba raundi moja kisha ikafungwa tena bado ina pesa ya kueleweka. Hii wengi hawaihesabu, wanadhani adui kafilisika kumbe wenzetu wana pesa ya kununua kila kitu (fulu).

Kuua kunalipa pia na kunatofautiana sana kwa bunduki. Raifo nyingi (bunduki kubwa kama AK na M4) 300, bunduki ndogo kama MAC-10 na MP9 zinalipa 600, AWP inalipa 100 tu, kisu 1500. Anayetega bomu anapata 300 yake na anayetegua hivyo hivyo.

Tumefungwa raundi ya bastola, tufosi au tusevu?

Raundi ya bastola ni ya kwanza ya nusu, kufosi ni kununua kwa pesa kidogo mliyonayo, kusevu ni kubana pesa au bunduki kwa ajili ya raundi ijayo. Hesabu kwanza. Tuseme uko T, raundi ya bastola ulinunua kevla kwa 650 ukabaki na 150, mkafungwa, ukapewa 1900. Una 2050. Ukikaa kimya raundi ya pili, hununui kitu, mkafungwa tena unapewa 2400, sasa una 4450. Hapo AK ni 2700, kevla na helmeti 1000, jumla 3700, inabaki 750, unachukua moshi mmoja wa 300 na flashi mbili za 200, unabaki na dola 50. Umekamilika kila kitu.

Ukifosi na ile 2050 yote na mkafungwa, raundi ya tatu una 2400 tu na kilichookotwa. AK yenyewe hainunuliki. Yaani mmeuza raundi mbili kwa tamaa ya moja.

Ila sisemi kufosi ni dhambi. CS2 mshindi ni wa kwanza kufika raundi 13, nusu ina raundi 12 tu, sio 15 kama CS:GO, kwa hiyo kila raundi mnayowapa bure inauma zaidi. Kama raundi ya bastola mlifanikiwa kutega bomu mna pesa ya ziada, na kama mliwaua watatu wanne basi wao nao hawana cha maana, hapo kufosi kunaeleweka. Kikubwa mfanye wote watano. Wawili wanafosi, watatu wanasevu, hiyo ndo njia ya uhakika ya kufungwa leo na kesho.

Menyu ya kununulia inakuonyesha kiasi cha chini utakachokuwa nacho raundi ijayo, angalia ile namba kabla hujabonyeza chochote. Ikiwa itakubakisha chini ya bei ya raifo na kevla, punguza.

Nisevu lini na nipigane lini?

Hapa ndo penye kelele zote kwa hiyo nakaa kidogo.

Chukua Mirage, moja ya ramani. Wewe ni CT, umebaki peke yako upande wa B, una AWP, kevla na helmeti. Bomu limetegwa A, maadui watatu wako hai, na bomu limeshahesabu nusu ya muda wake, yaani katika zile sekunde 40 zimebaki kama 20. Huna kit. Kutegua bila kit ni sekunde 10 kamili, na kit ni 5. Kutoka B mpaka A kuna mwendo. Maana yake ili ushinde inabidi ufike, uwaue watatu waliokusubiri, na uanze kutegua, vyote ndani ya sekunde chache ambazo hazitoshi hata kama wote watatu wangekuwa wamelala. Raundi hiyo imeshakwisha. Kilichobaki mezani ni vitu vya dola 5750 vilivyo mwilini mwako, AWP 4750 na kinga 1000, na hivyo vinaokoka kama utageuka sasa hivi.

Maswali ninayojiuliza ni haya, kwa haraka sana: muda unatosha? Wako wangapi na najua walipo? Nina kit? Mwenzangu akiwepo yuko karibu? Majibu mawili yakiwa mabaya, nageuka. Mmoja kwa mmoja na muda upo, pigana, hata kwa bastola. Mmoja kwa wawili inategemea unachoshika, ukiwa na bunduki ya kuokota ya bei rahisi pigana tu mana hakuna cha kulinda.

Na uamuzi ufanye mapema. Mtu anaenda hadi mlango wa A, anachungulia, anaona watatu, ndo anakumbuka kusevu, tayari wamemwona na wanamfuata. Kama ni kusevu nenda mbali toka mwanzo, shika kisu mana unakimbia haraka kuliko ukishika AWP, ukifika karibu na kona za hatari tembea polepole usisikike, kaa sehemu ambayo sio njia yao ya kutokea na sio karibu na bomu mana mlipuko nao unaua. Alafu usichungulie kutafuta kuua mmoja wa bure. Huyo mmoja analipa 100 ukiwa na AWP.

Wenzangu wananiita mwoga nikisevu, nifanyeje?

Waambie kwa sauti mapema: "nasevu AWP". Mara nyingi wanaolalamika hawajui kama unasevu, wanadhani umepotea. Raundi ijayo ukiwa na bunduki tayari mdropie (mnunulie umwangushie chini aokote) mmoja wao raifo kwa ile pesa uliyobakiza, kelele zinaisha zenyewe. Kusevu ni kazi ya timu na mtu anayesevu vizuri mimi namheshimu kuliko anayekufa kishujaa kila raundi na kuomba bunduki kila raundi.

T naye asevu kama CT?

Hapana, na hii ni tofauti kubwa sana. T akibaki hai mpaka muda wa raundi ukaisha na bomu halijategwa, hapewi bonasi ya kufungwa. Sifuri. Anabaki na bunduki yake tu na pesa aliyokuwa nayo.

Kwa hiyo piga hesabu: una AK na kinga nzima, vitu vya 3700. Kama bonasi yenu iko kwenye 1900, kusevu kunalipa wazi. Kama mmefungwa mfululizo na bonasi iko 3400, tofauti ni dola 300 tu, na kevla yako ikiwa imechakaa basi hata hiyo haipo. Hapo ni bora uende ukajaribu, ukifa unalipwa, na ukifanikiwa kuua mmoja mwenye M4 umempunguzia adui mfuko. Kama bomu lilitegwa na CT wakalitegua ukiwa hai, hapo bonasi unapata kama kawaida na bunduki yako unayo, hiyo ni raha ya pande zote mbili.

CT hana adhabu hiyo. CT akisevu bomu likalipuka anapewa bonasi yake yote, ndo mana utaona CT wanasevu mara nyingi zaidi.

Mabomu ni ya kutumia mwanzo au kubakisha mwisho?

Ya kutumia! Najua kuna wakati ni vizuri kubakisha, nitafika, ila tatizo la watu wengi ni kubana. Unabeba mabomu ya kutupa manne, kati ya hayo flashi zisizidi mbili. Ukinunua moshi, flashi mbili na molotovu (bomu la moto) umetoa 1100, hiyo ni zaidi ya kevla na helmeti, na ukifa navyo umelipa 1100 kumzawadia adui, mana bomu lililodondoka anaweza kuokota na kuwarushia wenzako.

Kila bomu nunua ukiwa unajua linaenda wapi. Sio lazima uwe unajua mirusho hamsini. Kwa Mirage ukiwa T, mioshi mitatu inatosha kuifungua A: mmoja ngazini, mmoja Jungle (jina la sehemu pale A), mmoja upande wanakotokea CT. Watu watatu, kila mtu na wake, mnatupa kwa pamoja kisha mnaingia. Ukinunua moshi na huna kazi nao utajikuta unautupa miguuni mwako wakati umepigwa, mwisho unawasaidia wao kuingia.

Kwa CT ni wakati zaidi kuliko mahali. Ramani ya Inferno pale Banana, njia ya kwenda B, moto ukiutupa mwanzoni kabisa wakati T wanakimbilia pale unawasimamisha na mnajua kama wanakuja B. Ukiutupa sekunde chache baadaye wameshapita.

Sasa vya kubakisha. Mtu mmoja au wawili upande wa T wabakize molotovu kwa ajili ya baada ya kutega. Moto unawaka kama sekunde 7, na mwenye kit anahitaji 5 za kutegua, kwahiyo zikiwa zimebaki kama sekunde nane na ukausikia mlio wa kutegua, tupa molotovu juu ya bomu na kazi imeisha bila wewe kuonyesha kichwa. Dawa yake kwa CT ni moshi, unazima moto na unamficha anayetegua. Kwa hiyo CT mmoja anayebaki na moshi mpaka mwisho ni mtu muhimu kuliko anayeongoza kwa kuua. Na kumbuka kwenye CS2 bomu la kawaida la mlipuko linafungua tundu kwenye moshi kwa muda mfupi, ukiwa na la dola 300 umebakiza unaweza kumwona anayetegua ndani.

Flashi zenyewe, itupe ya kwanza kwa ajili ya mwenzako. Mtu anayejiflashia mwenyewe alafu anatokea anachelewa, ila mmoja akitupa na mwingine akatokea, wanakuta adui kageuka au kapofuka.

Naweza kumpa mwenzangu bomu?

Ndio, toka Septemba 2021 mabomu yanadropika kama bunduki, na CS2 imeendelea hivyo. Itumie. Kama wewe hujui mirusho lakini una pesa, nunua moshi mdropie anayejua. Kevla haidropiki, hiyo kila mtu na mwili wake.

Zeus ni ya kutupa au inabaki?

Zeus ni bunduki ya umeme ya kupiga karibu. Zamani ilikuwa risasi moja na kwisha, kitu cha kutupa kabisa. Toka Februari 2024 inajichaji tena baada ya sekunde 30, na ukibaki hai unaenda nayo raundi ijayo. Kwa dola 200 ni kitu kizuri sana raundi ya eko (ya kubana pesa), hasa ukijibana kona ya karibu.

CT nanunua kevla peke yake au na helmeti?

AK inaua kwa hedishoti moja hata ukiwa na helmeti, kwa hiyo kama una uhakika T wana AK, helmeti ya 350 haikusaidii kichwani. Angalia: una 4450, M4A1-S ni 2900, kevla 650, inabaki 900, hapo kit 400, moshi 300, flashi 200, imeisha yote bila chenji. Ukichukua helmeti unakosa kit au unakosa mabomu. Ila kama wao wako eko wana Glock na MAC-10, au mnadhani wana Galil (raifo ya bei rahisi), chukua helmeti bila kubishana. Kwa upande wa T helmeti ni lazima kila mkinunua fulu, mana M4 haiui kichwa chenye helmeti kwa risasi moja.

Kit ngapi zinatosha?

Mbili kama pesa ni ya kuungaunga, wote watano kama ipo. CT akifa kit yake inabaki chini na CT mwingine anaokota kwa kupita juu yake, kwa hiyo sio hasara ya moja kwa moja, ila usitegemee mtu afe sehemu nzuri.

AWP ni uwekezaji au ni anasa?

Ni uwekezaji kama unajua kuilinda. 4750 alafu kila kichwa kinarudisha 100, yaani yenyewe hailipi, inajilipa kwa kuishi. AWP iliyoishi raundi tatu ni rahisi kuliko AK tatu. AWP inayokufa kila raundi inaua uchumi wa timu nzima. Piga risasi moja, rudi nyuma, hama. Na kama mmenunua kwa kuungaunga, yaani watu wawili hawana mabomu ili wewe upate AWP, basi bora raifo.

Adui yuko eko, ninunue nini?

Usitoe 2900 kwa raifo mpya kwenda kupigana na bastola. MP9 ni 1250, MAC-10 ni 1050, kila kuua 600, ukiua wawili MAC-10 imeshajilipa na MP9 imebakiza dola 50 tu. Mwenye raifo ya kusevu aendelee nayo ila acheze kwa umbali, mana ndo wanayoitaka. Adui wa eko anawinda bunduki yako, ukimsogelea peke yako unampelekea.

Tumeshinda na mmoja wao anasevu, tumfuate?

Wakiwa maskini na yeye ana AWP, mfuateni, ila wawili wawili na sio mmoja mmoja. Wakiwa na pesa nyingi haina maana kuhatarisha M4 zenu kwa ajili ya bunduki ambayo wangeinunua tena. Wakati huo wengine wazunguke kuokota, mwenye MP9 achukue raifo, mwenye kutaka AK aichukue kwa adui aliyelala.

Nimenunua kwa makosa!

CS2 unarudisha. Fungua menyu, bonyeza kile kitu tena pale pa kukiuza, pesa inarudi yote, mradi muda wa kununua haujaisha na hujakitumia.

Mtu akiokota bunduki yangu yenye skini imepotea?

Hapana kabisa. Skini iko kwenye akaunti yako, yule anatembea nayo ndani ya hiyo mechi tu. Dropu kwa amani, usimnyime mwenzako AK kwa sababu ya rangi.

Nina 16,000 na wenzangu hawana, je?

Ukishafika kikomo kila dola inayoingia inapotea. Ukiwa na zaidi ya elfu tisa kumi na mmoja wenu ana 1500, nunua raifo mbili. Muulize kwanza anataka nini, mana kuna mtu unampa M4A4 yeye anataka M4A1-S, na mwenye pesa yake ya kevla mwache anunue mwenyewe.

Kuna raundi ambayo kusevu hakuna maana?

Raundi ya 12. Mkibadilisha upande kila kitu kinafutwa, bunduki, pesa, bonasi, mnaanza na 800, kwa hiyo nunueni kila kitu, tupeni kila bomu, na ukibaki mmoja kwa wanne nenda tu kajilipue mana hakuna cha kulinda. Na adui akiwa na 12 tayari ni hivyo hivyo, akishinda hiyo mechi imekwisha, AWP uliyoificha haina raundi ya kwenda. Hapo hakuna eko wala nusu nusu, toa mpaka dola ya mwisho, na mwenye ziada agawe.